Jiwe Jeusi la Goma Kando ya Kitanda

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeumba laini na gumu, jeupe na jeusi, kisha akatupa subira ya kuvitazama vyote kabla ya kuvielewa. Rehema na amani zimfikie Mtume wake, watu wa nyumba yake, na wote waliomfuata kwa wema. Namshukuru Mola kwa umri alionipa, kwa mke aliyenipa, na kwa mapafu ya mke huyo, ambayo ndiyo yaliyoanzisha haya ninayoyaandika.

Tunakaa Nyakabiga, hapa Bujumbura, katika nyumba yenye ua na vyumba viwili vya kupangisha. Nilikuwa fundi wa malori mpaka mgongo uliponistaafisha. Nimesoma chuoni tangu utoto, kwanza Kurani, kisha fikihi, na hata leo hufungua kitabu kila baada ya alasiri. Nataja elimu hii mapema ili msomaji ajue kwamba kosa nitakalolieleza halikufanywa na mjinga.

Kiangazi cha mwaka jana mke wangu aliugua kifua. Alilazwa siku tisa, akarudi nyumbani na dawa za kujaza mfuko mzima na sharti moja la daktari: maji yasimguse mwilini kwa majuma sita.

“Ya baridi apana, ya moto apana,” daktari alisema.

Nikauliza kuhusu ya vuguvugu. Akanitazama jinsi nilivyokuwa nikiwatazama wenye malori walioniuliza kama wanaweza kufika Uvira bila mafuta ya injini.

Dini yetu haikumwacha mgonjwa. Aliyekatazwa maji hutayamamu: hupiga viganja vyake juu ya udongo safi, akapangusa uso, akapiga tena, akapangusa mikono, kisha akaswali kama aliyetawadha. Nilimletea udongo kwenye sinia. Aliutazama bila kuinua kichwa kwenye mto.

“Hiyo iende inje,” akasema.

“Ni kwa ajili ya swala.”

“Najua. Nimepiga deki hii nyumba miaka arobaini. Sitalala na barabara ndani ya shuka.”

Nikakumbuka wazee wetu wa mjini. Zamani, kila nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu iliweka jiwe kando ya kitanda. Mgonjwa alilipiga jiwe kwa viganja na mambo yakaisha, bila sinia, bila shuka kuchafuka. Hivyo nikaenda mlangoni nikachukua jiwe letu.

Jiwe lenyewe nalijua vizuri. Niliwahi kwenda Goma kutengeneza lori lililokwama, nikakaa huko juma zima nikisubiri kipuri. Watu wa Goma hujenga kuta kwa mawe meusi yaliyotoka katika mlima wao wa moto, kwa sababu mlima umeyaleta mpaka mlangoni na hakuna wa kuyarudisha. Nilichukua moja la ukubwa wa mkate, jeusi, lenye vitundu vingi kama sponji. Tangu siku hiyo lilikuwa likizuia mlango wetu usijifunge kwa upepo wa ziwani. Miaka ishirini na zaidi lilifanya kazi hiyo bila kulalamika na bila kuoshwa.

Sasa lilipata cheo. Niliona si adabu kumpa mgonjwa jiwe lililopigwa teke na wageni wote wa nyumba yetu, basi kila asubuhi nililipeleka bombani nikalisugua kwa sabuni na burashi. Kisha nikaliweka juu ya ukuta wa mbele, upande wa barabara, likauke kwa jua. Saa sita, kabla ya adhuhuri, nililirudisha ndani. Nilifanya hivyo kila siku ya Mungu. Mke wangu alilipiga kwa viganja vyake, akaswali amelala ubavu, na mimi nilifurahi kuwa na kazi.

Lalamiko lake lilikuwa moja tu. Alikuwa na mtandio mweupe wa kuswalia, na kila jioni aliukunjua akanionyesha.

“Tazama. Iyi jiwe yako inachafua.”

“Nimeliosha asubuhi.”

“Basi hujui kuosha.”

Kesho yake niliongeza sabuni.

Juma la tano alikuja kumjulia hali mshona nguo mmoja wa Buyenzi, rafiki yangu tangu chuoni. Tulikaa mkeka mmoja mbele ya mwalimu mmoja, na kwa kipindi cha miaka sitini hajawahi kuniacha nimalize hoja. Alileta machungwa, akamwombea mgonjwa dua ndefu na nzuri, kisha akaliona jiwe.

“Shemeji, iyi ni ya nini?”

“Ya kutayamamu,” mke wangu akajibu.

Akalichukua, akaligeuza. “Imetoka wapi?”

“Goma,” nikasema.

“Goma wapi?”

“Kwenye mlima.”

“Mulima gani?”

“Goma ina mlima gani mwingine unaozungumzwa?”

Akaliweka chini taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. “Ndugu yangu, iyi imeungua. Tulisoma pamoja. Tofali ya kuchoma inafaa kutayamamu?”

Katika madhehebu yetu, tofali la kuchoma halifai, kwa kuwa moto umelitoa katika jina la udongo. Alilijua jibu langu, ndiyo maana aliuliza.

“Na iyi ilichomwa na nani?” akaendelea. “Tofali inachomwa siku tatu. Iyi ilikuwa maji ya moto! Ilitiririka! We mwenyewe ulinihadithia.”

“Nilikuhadithia habari za lori.”

“Na za mulima pia.”

Alimaliza chai, akaaga, akaenda zake. Ni mtu mwema. Alituachia machungwa na swali.

Mke wangu alisubiri magharibi ipite. Kisha akaniuliza kama anaweza kuwa anadaiwa swala zote tangu alipotoka hospitali. Nikamwambia sijui. Akasema hana pumzi ya kuzilipa. Kila rakaa ilimchosha kama kupanda kilima cha Gihosha kwa miguu, na zilikuwa swala tano kwa siku, kwa zaidi ya mwezi.

“Kufa siogopi,” akasema. “Lakini sitaki kufika mbele ya Mungu nikiwa nimetumia mwezi mzima kupiga tofali.”

Usiku ule hakula. Asubuhi hakula pia. Daktari alikuwa amesema dawa zisimezwe na tumbo tupu, kwa hiyo swali la fikihi likawa swali la kifua. Nilijua kwamba bila jibu hatakula, na kwamba jibu la kumtuliza tu angelitambua, maana tumeoana muda mrefu.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta jiwe lingine. Nilishuka mpaka mto Ntahangwa, mahali wanapovunja mawe ya ujenzi, nikachagua moja jeupe lenye madoadoa, safi, lisilo na historia. Nilirudi nalo kifuani. Uani nikakutana na mpangaji wetu, mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari, mama wa Kikatoliki anayepiga pasi nguo za juma zima siku ya Jumamosi.

“Papa, unajenga?”

“Apana. Natafuta jiwe ambalo halijaungua.”

Akaweka pasi pembeni. Mwalimu akisikia mtu anahitaji kufundishwa, hata nguo zake huzisahau.

Nilimweleza yote. Alilichukua lile jeupe, akalisogeza karibu na macho, akaniita nitazame. Lilikuwa limejaa chembe: nyingine nyeupe, nyingine za waridi, nyingine zinang’aa kama kioo, na chache nyeusi.

“Pole, Papa,” akasema. “Hii pia iliungua.”

“Ilikuwa mtoni!”

“Mtoni ilifika juzi. Ilizaliwa chini ya ardhi, chini sana, ikiwa uji wa moto kama ile ya Goma. Tofauti ni kwamba haikutoka nje. Ilibaki ndani, ikapoa polepole, miaka mingi sana, nyingi kuliko unavyoweza kuniruhusu kusema hapa uani.”

“Sema tu.”

“Maelfu kwa maelfu. Sasa kitu kikipoa polepole, chembe zake zinapata muda wa kukua. Ndiyo maana unaziona kwa macho. Ile yako nyeusi ilitoka nje mbio, upepo ukaipiga, ikaganda kabla chembe hazijakua. Ndiyo maana ni laini kuiangalia, chembe huzioni.”

“Na weusi? Si masizi?”

“Apana, Papa. Weusi si wa kuungua. Ni chakula chake. Ile nyeusi imekula chuma nyingi. Hii nyeupe imekula chuma kidogo, na kile kitu cha kioo na mchanga kingi. Zote mbili zimepita motoni. Kama unaangalia moto, hakuna iliyopona.”

Nikakaa kwenye kibao. Nilikuwa nimebeba jiwe kutoka Ntahangwa kwa bure, na umri wangu si wa kubeba mawe hata kwa malipo.

Nikajaribu hoja yangu ya mwisho. Nikamwambia kwamba jiwe lililoungua huwa jepesi, kama mkaa ulivyo mwepesi kuliko kuni, na jiwe la Goma ni jepesi kweli, nimelibeba kila siku kwenda bombani. Hapo ndipo alipoomba sufuria. Alijaza maji mpaka ukingoni, akaiweka ndani ya beseni, tukalizamisha jiwe la mtoni na kuyapima kwenye kikombe maji yaliyomwagika. Kisha tukafanya hivyo kwa lile la Goma, na mizani ya mwenye duka wa mbele ikatuambia uzito wa kila moja. Mke wangu alitutazama kupitia dirisha, mgonjwa aliyekatazwa maji, akiona mawe yanaogeshwa, lile la Goma kwa mara ya pili siku hiyo.

Jiwe la Goma lilionekana jepesi kwa ukubwa wake. Mwalimu hakuridhika. Alichukua nyundo, akaniomba ruhusa, akavunja kona moja ya chini ambayo haikuwa na vitundu. Tukapima kipande hicho na kipande cha ukubwa uleule cha jiwe jeupe. Cheusi kikashinda kwa uzito, na si kwa kidogo.

“Umeona?” akasema. “Chuma inavuta chini. Jiwe jeusi lenyewe ni zito. Kinachokudanganya ni vile vitundu. Uji ulipokuwa unatoka ulikuwa na hewa ndani, kama soda ukiifungua. Ukaganda, hewa ikaacha vyumba vyake. Unabeba jiwe na vyumba vitupu.”

Kisha akaniuliza kama mke wa jirani ana lile jiwe la kusugulia visigino. Alikuwa nalo. Tulilitia majini likaelea. Hilo nalo, akasema, ni mtoto wa moto. Limejaa vyumba hata limesahau kuzama.

Nilimshukuru, nikalianika jiwe la Goma ukutani kama kawaida na kulirudisha ndani lilipokauka. Nilikuwa nimejifunza mengi, na mke wangu bado hakuwa amekula.

Baada ya adhuhuri nikaenda kwa imamu wetu. Ni mdogo kwangu kwa miaka thelathini, na elimu yake ni kubwa kuliko yangu. Jambo la kwanza halinisumbui na la pili nimelizoea. Nilimweleza jiwe la Goma, jiwe la mtoni, uji wa moto, chuma, vyumba vya hewa na soda. Alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza akauliza swali moja.

“Muzee, jiwe lilikuwa na vumbi?”

“Vumbi?”

“Katika madhehebu yetu mgonjwa hatayamamu kwa jiwe. Anatayamamu kwa vumbi lililo juu ya jiwe. Jiwe ni sinia tu. Limeungua, halijaungua, hilo ni la jiwe na Mola wake. Lilikuwa na vumbi la udongo linaloshika kiganjani?”

Hukumu hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyokula mukeke, samaki wa ziwa letu. Wazee wetu waliweka jiwe kando ya mgonjwa likiwa limetoka barabarani na vumbi lake. Mimi nilishika jiwe nikaliacha vumbi bombani, kwa sabuni, kwa burashi, siku thelathini na kitu, na siku nyingine kwa sabuni ya ziada.

“Nalikuwa nikiliosha,” nikasema.

“Mara ngapi?”

“Kila asubuhi.”

Imamu alifumba macho kidogo. Hakucheka, Mungu amlipe kwa hilo. Akasema atakuja nyumbani baada ya alasiri kulitazama.

Kutoka msikitini mpaka kwetu si mbali, lakini siku ile nilipita njia ndefu. Rafiki yangu alikuwa amemtia mke wangu wasiwasi kwa neno moja. Mimi nilikuwa nimembatilishia swala kwa huduma. Nilipofika nilikaa ukingoni mwa kitanda nikamwambia kila kitu bila kupunguza. Nikamwambia kosa si la mlima wala la moto. Kosa ni langu. Kama swala zinalipwa, nitakaa naye kila siku mpaka ziishe, hata ikichukua mwaka.

Aliniacha nimalize.

“Sasa kama ulikuwa unaosha,” akasema, “mutandio yangu ilikuwa inachafuliwa na nini?”

Alinyoosha mkono chini ya mto akatoa mtandio mweupe. Ukingoni, pale alipokuwa akiujongeza usoni baada ya kupangusa, kulikuwa na mstari wa uchafu. Akaniamuru nimwite mwalimu.

Mwalimu alikuja na miwani. Aliutazama mtandio, akalitazama jiwe, akatandika kitambaa safi juu ya stuli. Kisha akalishika jiwe kwa mikono miwili na kuligonga juu ya kitambaa, mara moja tu, kwa nguvu. Likaacha vumbi. Akagonga tena. Likaacha lingine.

“Burashi yako haikuingia ndani ya vyumba, Papa,” akasema. “Na ulikuwa unalianika wapi?”

“Ukutani. Upande wa barabara.”

“Kiangazi? Na pikipiki zote zile?” Akacheka mpaka akashika mlango. “Ulikuwa unaliosha halafu unalipeleka kwenda kuchukua vumbi jingine!”

Nikauliza, kwa kuwa sasa nilikuwa nimeogopa kila kitu, kama lile si vumbi la jiwe lenyewe, jiwe lililosagika. Jiwe lililosagika si udongo, na tungekuwa tumerudi pale pale.

Akachukua kile kipande kilichovunjika, akakikwaruza kwa kisu pembeni ya kitambaa. Unga wake ulikuwa wa kijivu cheusi. Vumbi lililotoka katika vitundu lilikuwa la rangi ya kahawia nyekundu, rangi ya barabara yetu, rangi ya soksi za kila mtoto wa Nyakabiga.

“Jiwe la Goma,” akasema, “udongo wa hapa.”

Mke wangu alijiinua kwa kiwiko atazame vizuri.

Imamu alipofika alikuta mshona nguo ameshafika pia, kwa sababu habari Bujumbura hazihitaji kutumwa. Imamu hakuuliza habari za moto. Alipiga kiganja chake juu ya jiwe kama mgonjwa anavyofanya, akakifungua mbele ya dirisha. Kilikuwa na wekundu. Akamuuliza mke wangu kama ndivyo ilivyokuwa kila siku.

“Kila siku, Shehe. Nililalamika kila siku. Huyu ni shahidi.”

“Nashuhudia,” nikasema. “Alilalamika.”

“Basi swala zako ziko mahali pake, Mama,” imamu akasema. “Mungu azikubali. Hakuna cha kulipa.” Kisha akanigeukia. “Na wewe Muzee, usilioshe tena.”

Mshona nguo alikohoa. “Mimi nilisema imeungua,” akasema. “Sikusema haina vumbi.”

“Hata la kuungua mwalimu amelieleza,” nikamwambia. “Kama unakataa kilichopita motoni, na lile la Ntahangwa limepita. Na udongo wa mashamba ya Goma ni mawe hayo hayo yaliyochakaa, na maharage yake unakula.”

“Maharage sitayamamu,” akajibu.

Mke wangu akaomba uji. Nikaenda kuupika mwenyewe, nikauunguza kidogo, akaunywa wote. Aliurudisha ule mtandio chini ya mto bila kuufua. Aliufua yeye mwenyewe juma moja baadaye, siku daktari alipomruhusu maji. Siku hiyo alitawadha bombani polepole, kiungo baada ya kiungo, na mimi nilisimama pembeni nikiwa nimeshika taulo na kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo nilikuwa nimeliona mara tano kwa siku katika maisha yangu yote na sikuwahi kulitazama.

Jiwe limerudi mlangoni. Kona moja imepungua. Lile jeupe la mtoni mwalimu amelipeleka darasani kwake.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe afya ya kugusa maji, na ukikatazwa maji akupe vumbi lililo safi. Akufungulie kinywa mwenzako anapokosea, akufungulie masikio mwenzako anapolalamika, na akubali kwako kidogo ulichokitenda kwa nia njema, hata kama ulikiosha kupita kiasi. Amina.